Nyayo Pioneer

Nyayo Pioneer ni gari lililobuniwa na kuundwa nchini Kenya kati ya 1986 na 1990. Yalitengenezwa matano tu, yote ya majaribio, na hakuna familia iliyowahi kulinunua.

Chanzo chake kiko nyuma kidogo. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors mjini Nairobi na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Vipande viliteremshwa melini, vikaunganishwa hapa. Mchoro, injini na jina vilibaki vya wageni. Huko Kabras, kaskazini mwa Kakamega, gari la kutegemewa enzi hizo lilikuwa Peugeot, au Pijo kwa matamshi ya wenyeji. Katika barabara ya Kakamega hadi Webuye inayopita Malava, ndilo lililobeba wagonjwa, maharusi na majeneza. Gari la Kenya lingelazimika kushindana na hilo.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya au mwendo wa kujikokota. Jina lilitokana na kaulimbiu yake ya kufuata nyayo za Jomo Kenyatta. Wahandisi walifanya zaidi ya walichoagizwa: katika majaribio gari lilifikia kilomita 120 kwa saa. Lilizinduliwa Kasarani mwaka 1990, likaundwa shirika la Nyayo Motor Corporation ili kulizalisha kwa wingi.

Hapo ndipo lilipokwama, na lawama si ya wahandisi. Kuunda magari matano ni kazi ya ufundi. Kuunda maelfu kunataka mtaji mkubwa, watengenezaji wa vipuri na wanunuzi wa kutosha. Fedha hazikupatikana. Kisha soko likafunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika, na leo abiria wa Malava wanabanana ndani ya Toyota Probox.

Shirika lenyewe halikufa. Liligeuzwa kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya Nairobi inayochonga vipuri vya chuma kwa viwanda vya nchini. Kwa sehemu kama Kabras, inayoishi kwa miwa na ambako gia moja ikivunjika kinuni mkulima hubaki na mzigo unaokauka, ufundi wa namna hiyo una thamani kuliko gari lenyewe.