Setilaiti Iliyotaka Kuileta Dunia Redioni

Tarehe 28 Oktoba 1998, roketi ya Ariane iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti iliyoitwa AfriStar. Kazi yake ilikuwa moja tu: redio. Kutoka Dakar hadi Dar es Salaam, mtu angeweza kusikia stesheni za mbali zikiwa safi kama ya jirani.

Mwenye wazo hilo alikuwa Noah Samara, mwanasheria mzaliwa wa Ethiopia, aliyeanzisha kampuni ya WorldSpace huko Washington mwaka 1990. Aliwalenga wasikilizaji ambao tayari walikuwa na kiu. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC ya London ikafuata Juni 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Afrika Mashariki ilizizoea sauti hizo, pamoja na mikwaruzo yake.

Mikwaruzo ilikuwa na sababu. Matangazo hayo yalirushwa kwa mawimbi mafupi, ambayo hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikorushwa, na tabaka hilo hubadilika kwa kulifuata jua. Masafa yaliyosikika vizuri usiku yaliweza kupotea kabisa mchana. Ndiyo maana idhaa moja ilitaja masafa kadhaa, na msikilizaji akabaki kupapasa kwenye mita 19, 25 au 31 mpaka adake sauti.

AfriStar iliondoa kubahatisha huko. Ikiwa imetulia juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, ilirusha matangazo ya kidijitali moja kwa moja kwenye redio maalumu zilizotengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo. Antena ndogo ilielekezwa angani, aghalabu dirishani au uani, na stesheni zikaingia.

Tatizo lilikuwa mfuko. Redio ya kawaida ya betri ilinunuliwa mara moja na kusikilizwa bure. Redio hii ya setilaiti iligharimu zaidi ya dola 100, na baadaye vituo vingi vikafungiwa wasiolipa ada. Miaka karibu kumi baada ya setilaiti kurushwa, WorldSpace ilikuwa na wateja takriban 170,000 wanaolipia, na wengi wao walikuwa India, si Afrika. Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Wakati huo mshindani, intaneti, alikuwa amekwisha kukua. Tarehe 7 Novemba 1994, WXYC, stesheni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ilianza kupitisha matangazo yake kwenye intaneti. Mwaka uliofuata ikaja programu ya RealAudio, iliyowezesha sauti kusikika huku ikiendelea kupakuliwa, hata kwa laini ya simu. Afrika Mashariki ilichelewa kuingia, kwa kuwa intaneti yake ilitegemea setilaiti na bei yake ilikuwa kali. Mwaka 2009 kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika pwani, na hesabu ikabadilika. Leo stesheni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula kama megabaiti 29 za bando kwa saa.

Hapo mkondo ukageuka. Zamani Mombasa ndiyo iliyoisikiliza London. Sasa Mswahili aliyeko Muscat au Minneapolis hufungua simu akaisikia Radio Citizen ya Nairobi au Clouds FM ya Dar es Salaam, matangazo ya biashara na foleni za barabarani zikiwemo. Tovuti ya Radio Garden, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 2016, humwonyesha msikilizaji tufe la dunia lenye vidoti vya kijani. Akigusa kimoja, stesheni ya mji huo inaanza kusema.

Hata hivyo, mipaka haijafutika. Mwaka 2022 Radio Garden ililazimika kuwafungia wasikilizaji wa Uingereza stesheni za nchi nyingine kwa sababu ya hakimiliki. Januari 2021, Uganda ilipokuwa ikipiga kura, serikali ilizima intaneti kwa siku tano hivi, na redio za mtandaoni zikanyamaza pamoja na kila kitu kingine kilichopita humo. Mawimbi mafupi, ambayo Samara alitaka kuyastaafisha, hayakuhitaji intaneti.