Kamusi za Nile Magharibi na Utafutaji wa Visawe kwa Kompyuta

Kompyuta inayotafuta visawe haijui maana ya neno hata moja. Hutegemea kazi ya watunzi wa kamusi. Kwa hiyo, anayetaka kujua kwa nini Kiingereza kimetangulia huku lugha za Arua na Koboko, katika eneo la Nile Magharibi nchini Uganda, zikisubiri, hana budi kuanza na historia ya kamusi zenyewe.

Arua huzungumzwa Kilugbara, jamaa ya Kimadi. Koboko huzungumzwa Kikakwa, jamaa ya Kibari cha Sudan Kusini. Wenyewe ni majirani, lakini lugha zao ni za koo tofauti. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909, Lado ilikabidhiwa Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 Nile Magharibi ikaingizwa Uganda. Mipaka hiyo iliwagawa Wakakwa kati ya Uganda, Kongo na Sudan.

Mgawanyiko huo uliingia hadi kwenye vitabu. Mwaka 1928 mkutano wa Rejaf uliteua lugha chache za kufundishia katika shule za kusini mwa Sudan. Kibari kilikuwa miongoni mwazo, Kikakwa hakikuteuliwa. Lugha iliyokwisha kugawanywa na mipaka ikakosa pia nafasi ya kujengewa maandishi yake.

Kilugbara kilipata bahati zaidi. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1966. Kabla ya hapo, mwaka 1960, J. P. Crazzolara, mmisionari wa Shirika la Comboni, alichapisha sarufi ya Kilugbara pamoja na msamiati wake. Ni kazi kubwa, lakini ilimlenga mgeni anayejifunza lugha; kwa hiyo maneno ya Kilugbara yalielezwa kwa Kiingereza.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika baadaye. Mwaka 2004 Vincent Blondel wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, na wenzake walichapisha njia ya kuichukulia kamusi kama mtandao. Walitumia kamusi ya Kiingereza ya Webster, wakapata mtandao wa maneno zaidi ya 112,000. Kila kidahizo ni kifundo, na huunganishwa na kila neno lililotumika kukieleza. Tuchukue mfano wa Kiswahili: kamusi ikieleza "nyati" na "mbogo" kwa maneno yale yale, kama "mnyama", "pembe" na "mwitu", na maneno mengine yakaelezwa kwa kutumia hayo mawili, kompyuta hukisia kuwa ni visawe.

Kwa nini basi njia hiyo haijaota mizizi Arua na Koboko? Wapo wanaotaja uhaba wa kompyuta na fedha, nao wana hoja. Hata hivyo, mashine bora kuliko zote haiwezi kuufuata mtandao usiokuwapo. Msamiati uliofasiriwa kwa lugha nyingine haurudi kwenye vidahizo vyake. Sababu hii ya pili ina uzito zaidi.

Iko njia ya mzunguko: maneno mawili yenye tafsiri moja yahesabiwe kuwa visawe. Lakini kamusi ya Kilugbara na Kiswahili ikitafsiri neno moja kuwa "kaa" wa baharini, na jingine kuwa "kaa" la moto, kompyuta itayaoanisha bila haki. Tena Kilugbara hutofautisha maneno kwa toni. Toni isipoandikwa, maneno mawili huwa kifundo kimoja.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na shirika la Sunbird AI walieleza hazina yao ya sentensi 25,000, zilizotafsiriwa katika lugha tano za Uganda. Kilugbara kimo, Kikakwa hakimo. Hatua hiyo ni njema kwa tafsiri, lakini haichukui nafasi ya kamusi. Kinachohitajika ni kamusi ambamo Kilugbara kinaelezwa kwa Kilugbara, na Kikakwa kwa Kikakwa, toni zikiwa zimeandikwa. Kazi hiyo ni ya wazungumzaji wenyewe, wa pande zote za mpaka, na ndiyo itakayoipa kompyuta cha kurithi.