Mbwa wa Njia ya Theluji

Kipipa cha pombe shingoni mwa mbwa wa Great St Bernard kimeficha kazi yake halisi. Katika njia hiyo ya Alps, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, kati ya Uswisi na Italia, viatu vya theluji humzuia mtu asizame, lakini havimwonyeshi njia iliyofukiwa. Mbwa ndiye aliyetangulia, akiipasua theluji kwa kifua na kunusa waliofunikwa. Wapo wasemao hizo ni ngano tu, na kweli kipipa kilienezwa na mchoro wa Landseer wa 1820. Mbwa aitwaye Barry naye, aliyefariki 1814, husifiwa kwa kuokoa watu 40, hesabu inayoweza kutiliwa shaka. Hata hivyo, watawa walioishi kwenye njia hiyo wasingelisha mbwa wakubwa kizazi baada ya kizazi, kwenye mlima ambako nafaka haioti, bila faida.