Jiwe Ambalo Halijaonja Moto

Watu wa Kitui wanajua tofauti ya asali mbichi na asali iliyopikwa. Ya kwanza ina nta, na wakati mwingine ina bawa la nyuki. Ya pili inang'aa kwenye chupa na haina maneno mengi. Zamani mnunuzi wa mjini aliitaka hiyo ya pili. Leo anatafuta ile yenye bawa, na anailipia zaidi. Kwenye vito limetokea jambo lilo hilo. Ukitaka kuelewa kwa nini vijana wanatamani pete ya yakuti ghafi, isiyokatwa wala kuchomwa, fuata historia ya moto.

Yakuti samawi, au safaya kama wengi wanavyoiita, ni oksidi ya alumini iliyojijenga kuwa fuwele, mara nyingi ya pande sita. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Chembe za chuma na titani huipa bluu. Kromi huipa wekundu, na hapo tunaiita rubi. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, almasi ikiwa 10. Ndiyo maana unaweza kuivaa vilevile ilivyotoka ardhini, na sabuni, funguo na kiti cha matatu visiifanye kitu.

Zombe, mashariki mwa Kitui, imekaa juu ya miamba ya kale ambayo wanajiolojia huiita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo unapita Ukambani na Taita, unavuka mpaka kuingia Tanzania, kisha unashuka hadi Msumbiji kwenyewe. Uliokwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana. Humo ndimo zilimotoka yakuti za Bonde la Umba, mkoani Tanga, tangu miaka ya 1960. Humo pia ndimo Mmarekani John Saul, mwanajiolojia, alimopata rubi za Mangari, Taita, mwaka 1973. Mwaka uliofuata Saul alifukuzwa nchini na mgodi ukaingia mikononi mwa wengine. Kujua jiwe liko wapi ni jambo moja. Kulimiliki ni jingine.

Sasa turudi kwenye moto. Si mgeni. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kuhusu kuchoma rubi ili kuondoa doa la bluu. Sri Lanka nako mafundi walipuliza makaa kwa mrija wakisafisha rangi ya jiwe. Ila huo ulikuwa moto wa jikoni, tuseme. Mambo yaligeuka miaka ya 1970, pale wafanyabiashara wa Thailand walipoanza kununua mawe ya Sri Lanka yanayoitwa geuda. Yalikuwa meupe kama maziwa, na wenyewe waliyaona hayana maana. Yakitiwa kwenye tanuri la zaidi ya digrii 1,500 za Selsiasi, yalitoka bluu. Aliyeuza alilipwa bei ya kokoto. Aliyenunua akauza bei ya yakuti.

Tangu hapo yakuti nyingi madukani zimechomwa. Peke yake hiyo si wizi, mradi mnunuzi aambiwe. Tanzanaiti ya Merelani, fahari ya jirani zetu, nayo nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, na ni moto unaoipa ile bluu ya zambarau. Shida ilikuja mwaka 2001 kuelekea 2002, sokoni zilipojaa yakuti za rangi ya machungwa na waridi zilizotoka kwenye matanuri ya Thailand. Wauzaji walisema zimechomwa tu. Maabara zikagundua kwamba berili ilikuwa imepenyezwa ndani ya jiwe wakati wa kuchoma, ikabadilisha rangi. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa yametoka Songea, kusini mwa Tanzania.

Kwa maoni yangu, ni tukio hilo kuliko fasheni yoyote lililoipa thamani mpya kauli "halijachomwa". Watu hawakuchoka na bluu. Walichoka kutojua.

Lakini nani anajua? Mtaalamu wa maabara hutazama ndani ya jiwe kwa darubini. Akiona nyuzi nyembamba za rutili, ambazo wenye biashara huziita hariri, zikiwa nzima, anapata dalili nzuri, kwa sababu joto kali huziyeyusha. Kisha anaandika cheti. Kisome vizuri hicho cheti: hakisemi kwamba jiwe halijawahi kuchomwa. Kinasema hakuna dalili za kuchomwa zilizoonekana. Na usidanganyike na sura. Jiwe ghafi pia huchomwa, na hata kioo kikisuguliwa kinaweza kuvaa ngozi ya jiwe la mtoni.

Mtu pekee anayejua bila darubini ni yule aliyelitoa shimoni. Na ndiye anayepata kidogo zaidi. Anamuuzia broka wa kwanza, broka anamuuzia wa pili, na jiwe likifika Bangkok limeshapoteza jina la kijiji chake.

Ukambani haikuwa hivi siku zote. Katikati ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu yenyewe hadi Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alijua bei ya pwani kwa sababu watu wake walifika pwani. Simfanyi malaika, biashara ya zama zile iliuza binadamu pia. Nasema tu kwamba safari ya mali na habari ya bei vilikuwa mkononi mwa watu walewale.

Sheria imeanza kusogea. Sheria ya Madini ya 2016 ilifuta ile ya kikoloni ya 1940, ikamtambua mchimbaji mdogo na kumpa njia ya kupata kibali katika kaunti yake. Mrabaha nao uligawanywa: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inakochimbwa. Ila mrabaha hulipwa kwa jiwe lililoandikwa. Jiwe lililotoka mfukoni kwenda mfukoni halina asilimia yoyote.

Kwa hiyo, ukipenda yakuti ghafi, usimuulize muuzaji kama limechomwa pekee. Muulize lilichimbwa wapi, na kama mchimbaji alikuwa na kibali. Akishindwa kujibu la pili, kwa nini umwamini kwenye la kwanza?