Akina Theresia: Jina Moja, Wanawake Wengi



Jumapili iliyopita tulikwenda kubatiza watoto wachanga katika kigango kimojawapo kilicho upande wa barabara iendayo Rusumo. Wasichana wanne kati yao waliletwa kwa jina moja. Kadi ya kliniki ya wa kwanza iliandikwa Tereza, ya wa pili Teresia, ya wa tatu Theresa, na ya wa nne Theresia, kila karani na mkono wake. Katika kadi za ubatizo tuna desturi ya kuandika kwa kalamu tarehe ya sikukuu ya somo wa mtoto, kwa hiyo tuliwauliza wazazi: Je, somo wa mtoto huyu ni Theresia yupi? Wazazi walitazamana. Ndipo bibi mmoja, aliyemshika mjukuu wake mapajani, akatujibu kwa swali: “Baba Padre, kwani wapo wangapi?”

Wapo wengi. Na kwa kuwa katika Wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ni shida kupata jumuiya ndogo ndogo isiyo na mama mmoja au wawili wa jina hilo, tumeona vema wiki hii tuzungumze juu yao.

Wa kwanza kwa kufahamika ni Mtakatifu Theresia wa Avila, aliyezaliwa Hispania tarehe 28 Machi 1515. Aliingia utawa wa Wakarmeli akiwa kijana, akaishi humo miaka mingi bila jambo kubwa la kusimuliwa. Alipokuwa na umri wa miaka 47, yaani mwaka 1562, ndipo alipoanzisha monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu, yenye watawa wachache na umaskini wa kweli. Tangu hapo hakutulia. Alisafiri kwa gari la kukokotwa na nyumbu, akiwa mgonjwa mara nyingi, akaanzisha monasteri nyingine hata zikafika 17. Balozi wa Papa nchini humo alimlalamikia kuwa ni mwanamke asiyekaa nyumbani, na kitabu alichoandika juu ya maisha yake kilichukuliwa na Baraza la Uchunguzi wa Imani. Mwanamke huyo huyo, tarehe 27 Septemba 1970, Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, wa kwanza kati ya wanawake wote. Hapa tungependa kusema neno kwa akina baba wa halmashauri za vigango, lakini tunadhani wameshaelewa.

Kuna jambo moja la ajabu juu ya kifo chake. Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na siku iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Usiku ule ule ndipo Papa Gregori XIII alipoirekebisha kalenda, siku kumi zikafutwa. Ndiyo maana tunamkumbuka tarehe 15.

Wa pili ndiye tunayempenda zaidi huku kwetu: Theresia wa Mtoto Yesu, wa Lisieux, Ufaransa. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka minne, akaingia Karmeli akiwa na miaka 15 tu, akafariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Hakuwahi kuanzisha nyumba wala kuhubiri, na tangu alipoingia monasterini hakutoka tena. Hata hivyo Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni zote, sawa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliyezunguka nusu ya dunia. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimwita naye Mwalimu wa Kanisa.

Waumini wengi hawajui kwamba Theresia huyu ana undugu na wamisionari walioileta imani katika nchi zetu hizi. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifungua misioni ya Kashozi, Bukoba, mwaka 1892. Miaka mitatu baadaye, mseminari mmoja wa Ufaransa, Maurice Bellière, aliandika barua Karmeli ya Lisieux akiomba sista mmoja amwombee. Alikuwa kijana mwoga, mwepesi wa kukata tamaa, aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga na kulelewa na shangazi. Mkuu wa monasteri alimpa kazi hiyo Theresia. Wakaandikiana barua kama dada na kaka, ingawa hawakuonana kamwe. Bellière alijiunga na Wamisionari wa Afrika, na tarehe 29 Septemba 1897 alipanda meli kwenda Algeria kuanza unovisi. Kesho yake dada yake wa kiroho akafa.

Tungependa kusema kwamba kijana huyo alikuja kuwa mmisionari mkubwa. Haikuwa hivyo. Alipewa upadre mwaka 1901, mwaka uliofuata akatumwa Nyasa, nchi tunayoiita leo Malawi, akafanya kazi miaka michache kwa taabu, akaugua mwili na akili, akarudi Ufaransa. Alifariki mwezi Julai 1907, akiwa na miaka 33, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Hospitali hiyo ndiyo ambamo baba yake Theresia naye alilazwa zaidi ya miaka mitatu, jambo lililowaumiza sana binti zake na kuwafanya wasemwe na watu. Baba huyo, Louis Martin, leo ni mtakatifu pamoja na mkewe Zélie, tangu mwaka 2015. Tunayaandika haya kwa ajili ya familia zetu zenye mgonjwa wa namna hiyo, ambazo humficha wageni wanapokuja, tena hata padre anapopita kutoa Komunyo kwa wagonjwa.

Theresia alitamani kwenda misioni, hata alifikiriwa kupelekwa Karmeli ya Hanoi, lakini afya ilimkatalia. Husimuliwa kwamba katika siku zake za mwisho, alipoambiwa na mwuguzi atembee kidogo bustanini, mwenzake alimhurumia akamshauri apumzike. Alijibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani aliye mbali, ambaye huenda amechoka. Hatujui hatua zile zilimwangukia nani. Siku tulizosukuma pikipiki kwenye tope la milima ya Bugufi tumewahi kuwaza kwamba nyingine zilibaki akiba.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ilimwona Theresia mwingine kabla ya watakatifu hawa kujulikana huku, nao walimwona kwenye fedha. Maria Theresia, malkia wa Austria, alifariki mwaka 1780, akiwa amezaa watoto 16. Sarafu yake kubwa ya fedha yenye sura yake iliendelea kupigwa baada ya kufa kwake, daima ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu hawakuiamini sarafu yenye tarehe nyingine. Katika karne ya 19 ilipita mikono mingi Zanzibar, ikinunua pembe za ndovu, karafuu, na watu.

Ni katika nchi hiyo hiyo ya Austria alikozaliwa, mwaka 1863, Maria Theresia Ledóchowska. Alikuwa binti wa hesabu kubwa, mhudumu katika jumba la watawala mjini Salzburg. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alianza kuzunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa barani mwetu. Habari za mahubiri hayo zilimfikia binti huyo. Mwaka 1889 alikutana na Kardinali uso kwa uso, akaanzisha gazeti la kutetea misioni za Afrika, akaacha jumba la kifalme, na tarehe 29 Aprili 1894 akaanzisha shirika la Mtakatifu Petro Klaveri. Kazi yake ilikuwa kukusanya sadaka, kuandika, na kupiga chapa katekisimu na vitabu vya sala kwa lugha za Kiafrika. Kama yule wa Lisieux, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alifariki Roma tarehe 6 Julai 1922, na Papa Paulo VI alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1975. Hivyo sura ya Theresia mmoja wa Austria ilinunua watumwa, na Theresia mwingine wa Austria aliomba sarafu mlango kwa mlango ili biashara ile ikome.

Wa karibu zaidi na sisi hakuwa Mzungu. Ukishika barabara ya Nyakanazi kwenda Kibondo, ukaendelea kusini, unafika Kasulu, nchi ya Heru ya Waha. Huko, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, alitawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wasomaji wetu Wahangaza hawahitaji kufasiriwa kwamba “ntare” ni simba. Wazee wanaotuambia kwamba katika mila zetu mwanamke hakuongoza hata siku moja, wakifika Kasulu na waulize.

Mama Theresa wa Kalkuta mnamfahamu, kwa hiyo tutasema machache. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akaitwa Agnes. Alipoingia utawa alichagua jina la yule wa Lisieux, lakini kwa kuwa mwenzake alikuwa amekwisha kulichukua, aliliandika kwa tahajia ya Kihispania. Ndiyo kusema suala la makarani na tahajia halikuanzia kwenye kliniki zetu.

Tumembakiza mmoja. Edith Stein alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika familia ya Kiyahudi mjini Breslau. Alisoma falsafa hadi kupata udaktari, na kwa miaka kadhaa hakuwa na imani yoyote. Mwaka 1921, akiwa mgeni nyumbani kwa rafiki zake, alisoma kitabu cha maisha ya Theresia wa Avila, kile kile kilichowahi kunyang'anywa. Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa. Mwaka 1933 aliingia Karmeli ya Köln, akapewa jina Theresia Benedikta wa Msalaba. Utawala wa Hitler ulipozidi kuwatesa Wayahudi alihamishiwa Echt, Uholanzi. Tarehe 26 Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi waliamuru barua ya kupinga kuhamishwa kwa Wayahudi isomwe makanisani. Wiki moja baadaye, Jumapili ya tarehe 2 Agosti, askari waliwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi kama kisasi. Theresia Benedikta alichukuliwa monasterini pamoja na dada yake Rosa. Waliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti 1942. Aliyemtangaza mtakatifu, mwaka 1998, ni Papa Yohane Paulo II.

Jina la ubatizo halikumkinga. Wauaji walitazama kitu kingine kilichoandikwa katika karatasi zake.

Sisi wa Ngara hatuwezi kulisoma hilo kama habari ya mbali. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu, na Benaco ikawa mji wa turubai kwa siku chache. Mto Kagera wakati huo ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Rwanda nako vitambulisho vilionyesha kabila la mtu, na nchi ile ilikuwa ya wabatizwa. Walioelea mtoni walikuwa na majina ya watakatifu. Waliovuka darajani walikuwa nayo pia, waliokimbia kifo na walioua, wote katika msafara mmoja, wakaomba maji kwenye visima vilevile.

Tulimweleza yule bibi baadhi ya hayo baada ya Misa, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya kigango. Tulitaja Theresia mmoja mmoja. Alisikiliza kimya hadi tulipomaliza habari za Auschwitz. Kisha akatuambia kwamba jina la mjukuu wake hakulipata kitabuni. Mwaka 1994 mwanamke mjamzito aliingia uani kwake kutoka barabarani, akaomba maji, akalala siku mbili katika jiko lake, kisha akaondoka kuelekea kambini. Hakusema kabila lake wala bibi hakumwuliza. Alisema jina tu, Tereza. Bibi alikwenda Benaco mara mbili kumtafuta, na kwa wingi wa watu ule hakumpata. Binti aliyemzaa mwaka uliofuata alimpa jina hilo, na sasa mtoto wa kaka yake binti huyo amelirithi.

Watoto watatu tuliwaandikia 1 Oktoba, kama wazazi wao walivyopenda. Wa nne, bibi yake alituomba tuandike 9 Agosti.