Imewaka, Lakini Haijaamka

"Shikamoo mjomba. Kompyuta ya dukani haiwaki." Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuita fundi, na fundi, kwa kusikia "haiwaki", akabadilisha pawa saplai. Nilipofika nilikuta feni inazunguka, kioo kinang'aa, na maandishi meupe juu ya weusi: mashine inalalamika kwamba haioni kitu kiitwacho grub_calloc, na chini yake grub rescue> ikisubiri amri. Ilikuwa imewaka vizuri kabisa. Kilichokuwa hakijaamka ni Linux.

Kwa hiyo programu inayoiamsha Linux naiita kiamshi, wala si kiwashi. Kuwasha ni kazi ya kitufe na umeme. "Kipakizi" nacho kina haki yake, kwani programu hii hukitoa kiini cha mfumo kwenye diski na kukipakia kwenye kumbukumbu. Lakini shehena ikishapakiwa hutulia, ilhali kiini kikishapakiwa hukabidhiwa mashine nzima. Kiingereza kilianza na picha ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, kwa sababu swali lilikuwa gumu: programu ya kuita programu nyingine itaitwa na nani? Sisi tunao waamsha daku. Usiku wa Ramadhani lazima mmoja atangulie kuwa macho ndipo mtaa uamke.

Na huyo wa kwanza ni mdogo mno. GRUB, kiamshi kilichoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, kwenye mashine za BIOS huanzia katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kati ya hizo programu hupata 446 tu. Hazitoshi hata kusoma folda. Kazi yake ni kumwita wa pili, aliyefichwa kwenye upenyo ulio kabla ya kizigeu cha kwanza. Wa pili ndiye anayeweza kufungua /boot/grub na kuziita moduli zilizomo.

Kompyuta ya mpwa wangu iliharibikia hapo. Diski ilikuwa imebadilishwa na yaliyomo kunakiliwa, lakini mfumo ulikuwa bado umekariri diski ya zamani kuwa ndiyo ya kuandikia kiamshi. Sasisho lilipokuja liliweka moduli mpya ndani ya folda, na yule wa pili akabaki wa kale. Moduli zikamwomba grub_calloc. Yeye hajawahi kulisikia jina hilo. Mwaka 2020, baada ya udhaifu wa GRUB uitwao BootHole kutangazwa mwezi Julai, mashine nyingi za Debian na Ubuntu ziligoma kwa sababu hiyohiyo.

Niliwasha kwa flashi yenye Linux, nikaipachika diski, nikaingia ndani yake kwa chroot, nikaandika grub-install /dev/sda. Ni diski nzima, si /dev/sda1. Wengi hukosea hapo. Kisha update-grub. Faili za dukani hazikuguswa hata moja, na hilo nawasihi mafundi wawaambie wateja mapema, kabla mtu hajakubali diski yake ifutwe.

Kwenye mashine za UEFI kiamshi ni faili ndani ya kizigeu chake, kwa hiyo ugomvi huu wa sekta haupo. Kwa mashine ya dukani ilibaki kazi moja: dpkg-reconfigure grub-pc, nikaweka alama kwenye diski iliyopo, ili sasisho lijalo lijue wa kumwamsha yuko wapi.