Theluji ya Povu

Filamu ya Krismasi ninayoipenda kuliko zote ilipigwa wakati wa joto. Kati ya Aprili na Julai 1946, mwongozaji Frank Capra aliujenga mji wa kubuni wa Bedford Falls katika eneo la studio ya RKO huko Encino, California, kisha akaufunika kwa theluji. Theluji hiyo haikutoka mawinguni. Hollywood ilikuwa imezoea kutumia vibanzi vya mahindi vya kifungua kinywa vilivyopakwa rangi nyeupe, lakini vilipokanyagwa vilitoa kelele kiasi kwamba maneno ya waigizaji yalilazimika kurekodiwa upya. Mafundi wa RKO wakachanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalipeperusha kwa upepo wa mashine. James Stewart anapokimbia barabarani mwishoni mwa It's a Wonderful Life, hiyo ndiyo theluji iliyomzunguka.

Silielezi hili ili kuwaharibia watu sikukuu. Nalieleza kwa sababu ndoto ya Krismasi yenye theluji nje na moto sebuleni ina historia yake, na historia hiyo inatuambia jambo ambalo ndoto yenyewe hulificha.

Tuanze na Charles Dickens, aliyezaliwa mwaka 1812. Utoto wake uliangukia katika muongo wa baridi kali Uingereza. Mwaka 1814 mto Thames uliganda London, watu wakafanya gulio juu ya barafu. Alipochapisha A Christmas Carol mwezi Desemba 1843, alikuwa mtu mzima anayeandika juu ya umaskini wa mjini. Tunachokumbuka ni baridi ile na chakula cha sikukuu. Tunachosahau ni kwamba karani Bob Cratchit anatetemeka ofisini kwa kuwa mwajiri wake, Scrooge, ameyafungia makaa ya mawe. Katika kitabu hicho, joto ni suala la ujira.

Karne moja baadaye, mwaka 1942, filamu ya Holiday Inn iliutambulisha wimbo White Christmas kwa sauti ya Bing Crosby. Mtunzi wake, Irving Berlin, alikuwa Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kufika Marekani akiwa mtoto. Utangulizi wa wimbo huo, ambao siku hizi huimbwa kwa nadra, unamweka mwimbaji Beverly Hills, kwenye jua. Wimbo ukapokelewa kwa shauku na askari wa Marekani waliokuwa vitani ng'ambo, wengine katika visiwa vya joto vya Pasifiki. Hawakuwa na theluji mbele yao. Walikuwa na nyumbani walikokuachia mbali.

Ndipo tunarudi kwa Capra, naye mhamiaji, mzaliwa wa Sicily. Filamu yake ilitoka Desemba 1946, wakati askari waliorejea wakihangaika kupata mahali pa kuishi. Shujaa wake, George Bailey, anaendesha chama cha akiba na mikopo ya nyumba, ndugu wa vyama vyetu vya kuweka na kukopa. Mpinzani wake, mzee Potter, ni tajiri anayetaka mji mzima uwe mpangaji wake. Wanachama wanapofurika wakidai fedha zao, George anawaeleza kwamba hazimo kabatini: zimo katika nyumba za majirani zao. Sijaona somo la ushirika lililofupishwa vizuri kuliko hilo.

Kuna waliolisikia kwa sikio jingine. Mwaka 1947, waraka wa FBI uliitaja filamu hii katika uchunguzi wa ukomunisti Hollywood, ukilalamika kwamba imemchafua tajiri wa benki. Sokoni nako ilileta hasara. Iliokolewa na uzembe wa kiofisi: mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, na vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha bure kila Desemba hadi ikawa mila. Katika safari hiyo, theluji na malaika vikabaki kumbukumbuni. Mikopo ya nyumba ikafifia.

Nasi Dar es Salaam, katika Desemba ya jasho, tunabandika pamba kwenye mti. Hakuna sababu ya kuona haya: California nayo ilipuliza povu. Wote tunaotamani theluji tunatamani mlango wa kuufunga dhidi ya dunia na watu wetu ndani yake. Hiyo ni tamaa halali. Lakini nani ana mlango huo, nani anaupanga kwa kodi ya mwaka mzima iliyodaiwa mapema, na nani hana kabisa, hayo hayajibiwi na pamba.

Ukiitazama filamu hiyo mwaka huu, usiinuke wakati majirani wanamwaga noti mezani kufidia dola 8,000 zilizopotea. Jiulize ziko wapi. Potter anazo bado, na filamu inakwisha bila mtu yeyote kumdai.